Matone ya Chaza na Salfa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeokota bahati kwenye rundo la vitabu vya kutupwa. Maktaba ya shule inasafishwa. Vitabu vilivyoliwa na mchwa wamevirundika nje ya mlango wa maabara yangu, kana kwamba mimi ni jalala. Nikachukua kimoja nizuie dirisha lisilofunga. Kikafunguka ukurasa wa mia mbili na kumi. Dirisha bado liko wazi.

Ni kitabu cha tiba ya matone. Kanuni yake ni nyepesi mno, nashangaa sikuigundua mwenyewe: kinachomdhuru mzima ndicho kinachomponya mgonjwa, mradi akinywe kidogo sana. Na kadiri kinavyopungua ndivyo kinavyozidi nguvu. Ukurasa huo unaeleza dawa moja ya madini. Kombe la chaza lichomwe pamoja na unga wa salfa, lisagwe, lizimuliwe kwa maji mara thelathini. Inatibu kikohozi, pumu, ukurutu na ngozi inayopasuka.

Nikakaa kwenye stuli nikatafakari. Kifua na ngozi.

Nani ana kifua? Mama mkwe wangu, aliyefika Jumamosi kukaa nasi wiki mbili, yeye na pumu yake na ile pampu ya bluu anayoivuta kila akipanda ngazi. Nani ana ngozi? Mkuu wa shule. Tangu muhula uanze mikono yake imepasukapasuka. Anasaini barua akiwa amevaa glavu za pamba.

Na mkuu ndiye atakayeteua Msimamizi wa Maabara mwisho wa mwezi. Mimi ni msaidizi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa sasa. Naosha mirija ya majaribio. Nafungua kabati, nafunga kabati. Natengeneza sabuni ya maji ya kunawia mikono kwa ofisi zote, kwa mapishi yangu mwenyewe, na hakuna wino unaoishinda. Mwalimu wa Kemia anataka msimamizi atoke nje, mtu mwenye diploma. Mama mkwe naye ananiita Mwosha Chupa tangu nimwoe binti yake, miaka kumi na mitano iliyopita. Anasema si kwa ubaya, ni ili asinichanganye na wakwe zake wengine.

Dawa moja, wagonjwa wawili, heshima pande zote. Nimekula chakula cha jioni nikitabasamu. Mke wangu akaniuliza nimevunja nini.

Jumanne, 4 Machi

Salfa ninayo, chupa nzima kabatini. Chaza sina. Muuza samaki wa sokoni alisema anauza vinavyoliwa, si maganda, akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

Nikakumbuka gauni la zambarau la mama mkwe. Ni gauni lake la shughuli, lenye vifungo sita vya chaza vinavyometameta. Alipoingia kuoga nikavikata kwa wembe, nikashona badala yake vifungo vya plastiki kutoka kopo la mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani. Nimemtazama akishona miaka yote hii, kwa hiyo kazi naijua. Kwa mbali hutambui.

Saa nne maabara haikuwa na darasa. Nikaponda vifungo, nikachanganya na salfa, nikawasha jiko. Kitabu hakikutaja moshi. Ulipita chini ya mlango ukaingia maktaba na kumtoa mkutubi. Harufu ilikuwa ya mayai viza. Darasa la jirani lilitoka lenyewe bila kengele. Mwalimu wa Kemia alikuja ameziba pua kwa leso, akafungua madirisha yote, akauliza nachoma nini. Nikamwambia nasafisha jiko. Akasema jiko husafishwa kwa maji. Nikamjibu hiyo ni njia ya zamani.

Nimebaki na kijiko kimoja cha majivu ya kijivu. Hakuna mtu katika shule hii aliyewahi kushika kitu cha thamani kama hicho, nami nimekishika kwa kijiko cha chai.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kuzimua. Unachukua tone moja la maji yenye majivu, unalitia ndani ya matone tisini na tisa ya maji safi, unatikisa mara kumi kwa kugonga chupa juu ya kitu cha ngozi. Kisha tone moja la hayo, ndani ya maji mapya. Hivyo mara thelathini. Kitu cha ngozi sikuwa nacho. Nikavua kiatu.

Hatua ya kumi na saba, au ya kumi na tisa, kengele ya mapumziko ikalia nikapoteza hesabu. Nikaanzia tena kumi na saba kwa usalama. Huenda basi dawa yangu ni ya thelathini na mbili. Hakuna ubaya. Inazidi tu.

Mwalimu wa Kemia alinikuta natwanga chupa kwenye kiatu. Akaomba kuona kitabu. Akasoma amesimama, akasoma tena ameketi. Kisha akachukua chaki, akajaza ubao mzima tarakimu, wala hakuwa na hasira. Aliongea nami kama anavyoongea na mwanafunzi anayempenda.

"Ukifika hatua ya kumi na mbili hakuna kilichobaki humo," akasema. "Hata chembe. Hiyo chupa ya mwisho ni maji matupu. Ukitaka upate chembe moja tu ya chaza, itabidi unywe maji mengi kuliko dunia yenyewe."

Nikamshukuru kwa moyo wote. Maskini, alidhani ananikatisha tamaa. Kumbe amenifanyia hesabu ambayo mimi nisingeiweza: katika chupa moja ya mkononi nimetia nguvu inayotaka dunia nzima ya maji kuibeba. Nimeinakili yote kutoka ubaoni kabla hajafuta. Nitaisoma hadharani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nikagonga mlango wa mkuu. Alinisikiliza ameshika kalamu kwa ncha za vidole, maana viganja havikunjiki. Akasema ameshapaka marhamu saba, moja ilimchubua na nyingine ilinuka mbuzi. Akauliza hii yangu inawasha? Nikamwambia haiwashi, hainuki, haina rangi, haina ladha. Matone matatu chini ya ulimi, asubuhi na jioni. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akasema hata isiposaidia itapunguza kiu. Nikacheka. Mkuu ni mcheshi, na kwa wacheshi dawa hupenya haraka.

Kwa mama mkwe nilitarajia vita. Nilimwelezea sebuleni baada ya kazi. Kabla hajajibu, mke wangu akatoka kwenye cherehani na kusema nisithubutu.

"Lete, mkwe wangu," akasema mama mkwe. "Angalau mtu amenihangaikia." Akatoa ulimi.

Nikamweleza na sharti: pampu iwekwe kando, kwa sababu kitabu kinasema dawa nyingine huvuruga tone. Mke wangu akaniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hufanya mara moja kwa mwaka. Lakini mama mkwe mwenyewe alifungua pochi, akanikabidhi pampu. Nimerudi shuleni nikaifungia kwenye kabati la maabara. Ufunguo naning'iniza shingoni, kama wafanyavyo watu wenye dhamana.

Nimekumbuka sasa hivi kwamba sijatengeneza sabuni wiki hii. Vyombo vya ofisini vilikauka tangu Jumanne, wananawa kwa mche wa sabuni ya dukani. Watavumilia. Mganga ana mambo makubwa zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Mama mkwe kaamka anapumua kama kitoto kilichoshiba. Nikakaa kando ya kitanda chake na daftari. Nikamuuliza kalalaje, kakohoa mara ngapi, kifua kinabana upande gani, kilianza lini. Akajibu yote, na ya ziada. Akanieleza kwamba alipokuwa shule ya msingi alikalishwa dawati la nyuma peke yake, wenzake wakiogopa kikohozi chake, na kwamba kutoka huko nyuma hakuona ubao mwaka mzima. Sikuwa nimeliuliza hilo, lakini niliandika. Ilituchukua karibu saa nzima. Nilichelewa kazini.

Na kazini, mkuu amevua glavu. Kaninyooshea mikono juu ya meza kama anayetaka nimkague kucha. Wekundu umefifia, nyufa zinafunga. Kakunja ngumi, kafungua, kakunja tena. Akasema kesho kuna mkutano wa wazazi ukumbi wa ghorofani, nije niseme maneno machache kuhusu afya ya shule. Nikasema sitakuja na maneno tu, nitakuja na shahidi. Ngazi za ukumbi ni thelathini na nne. Shahidi wangu, mwenye pumu ya miaka hamsini, atazipanda bila pampu.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anapiga pasi lile gauni la zambarau. Akauliza ni nani ameshona vifungo hivi kwa uzi wa viatu. Nikasema labda dobi. Akasema hatuna dobi. Nikasema ndiyo maana.

Nimeandika hotuba kurasa nne. Nimejaribu kusaini kama Msimamizi wa Maabara. Inapendeza ukikunja mkia wa herufi ya mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika ilivyokuwa, kwa mpangilio, halafu nitafunga daftari.

Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimewaomba wazazi wa safu za nyuma wasimame mlangoni, watazame ngazi. Mama mkwe alianzia chini, mkono kwenye reli, gauni lake limenyooka. Alipanda bila haraka. Ngazi ya kumi akanipungia. Ya ishirini akasimama kidogo, akatabasamu, akaendelea. Ya thelathini hakutabasamu. Alipofika juu watu walipiga makofi, nami nikafungua hotuba.

Ndipo akatia mkono kifuani mwa gauni akatoa pampu. Bluu, sawasawa na ile niliyoifungia. Akaiweka mdomoni akabonyeza. Haikutoa kitu. Akaitikisa, akabonyeza tena. Ilitoa mlio mkavu tu. Akaketi taratibu kwenye ngazi ya juu kabisa, mabega yamepanda, na kifua chake kikaanza kulia kama bawaba yenye kutu.

Nilichomoa chupa ya matone nikamnyooshea. Hakuitazama. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi.

Mke wangu akanishika ukosi. "Pampu ya mama iko wapi?"

Nikasema kabatini, maabara.

"Kimbia."

Nikakimbia. Ngazi zote, ua wote, korido yote. Sijakimbia hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kamba ya ufunguo nilikuwa nimeifunga fundo gumu, ikabidi niikate kwa meno. Kabati hilo nimelifungua kila siku kwa miaka kumi na tisa nikiongea na watu bila hata kulitazama. Leo ufunguo ulikataa kuingia. Uligonga pembeni, ukagonga juu. Nilikuwa namfikiria akiwa mtoto kwenye lile dawati la nyuma. Nikashika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, ndipo kufuli likafunguka.

Niliporudi Mwalimu wa Kemia alikuwa amemwinamisha mbele, viwiko juu ya magoti, amewasogeza watu, madirisha yote wazi, anamhesabia pumzi kwa sauti ya chini. Mke wangu alinipokonya pampu. Mara moja, kungoja. Mara ya pili, kungoja. Mkuu alikuwa amesimama na saa mkononi. Baada ya mara ya nne ule mlio ukaanza kulegea.

Mama mkwe akainua macho, akanitafuta, akaniona nahema nimeshikilia ukuta.

"Mkwe wangu," akasema kwa pumzi kidogo, "kumbe unajua kukimbia."

Tumempeleka zahanati. Yuko salama. Hotuba sikuisoma. Nimefunga daftari.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameniambia sentensi moja tangu jana: kuanzia sasa pampu itakaa mikononi mwa mama, na mikono yangu itakaa mifukoni. Cherehani imenguruma tangu asubuhi. Hashoni kitu. Anakanyaga tu.

Mama mkwe aliniita chumbani. Amewekewa mito mitatu. Akaniambia ukweli bila kupindisha. Pampu siku zote huwa nazo mbili, moja kwenye pochi na moja kifuani, kama mwanamke yeyote mwenye pumu na akili. Kila asubuhi, kabla sijaja na matone, alikuwa anaingia bafuni kufunga mlango na kuvuta. Hakujua kwamba ile ya pili imebakiza kidogo.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali.

Akanyoosha shuka. Akasema miaka kumi na mitano amekuwa akija nyumbani kwangu, namsalimia, nampokea mzigo, narudi kwenye mambo yangu. Sijawahi kumuuliza hata mara moja amelalaje. "Wiki hii umekuja umekaa kitandani na daftari, unauliza, unaandika. Nikasema ni maji tu, nitakunywa. Mtu anayekusikiliza hapatikani dukani."

Nikamwekea sawa mto wa juu, ambao ulikuwa sawa tayari.

Kisha akauliza viko wapi vifungo vyake. Nikamwambia amevinywa. Alicheka mpaka akahitaji pampu kweli, na mke wangu akaja mbio, akatukuta hivyo, yeye ana pampu mdomoni na mimi nina mikono mifukoni.

Hata hivyo nimeyatazama mambo kwa utulivu. Alipanda ngazi zote thelathini na nne. Hilo watu wameliona. Na kama alikuwa anavuta pampu kwa siri bafuni, basi tone langu lilivurugwa tangu siku ya kwanza, na likafanya kazi katika mazingira magumu sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa ofisini. Mkuu alikuwa nyuma ya meza, mikono mitupu, laini, imepona kabisa. Moyo ukapanda. Mwalimu wa Kemia alikuwa pembeni na chupa. Moyo ukangoja.

Ndani ya chupa kulikuwa na sabuni yangu, iliyobaki stoo. Mwalimu akachovya karatasi ya litmasi mbele yetu. Ikawa bluu iliyokolea, kama wino. Mkuu akauliza huwa naipima vipi soda kali, ile inayochoma ngozi. Nikasema kwa jicho. Akauliza kama muhula huu nimebadilisha kitu. Nikasema nimeongeza soda kidogo, kwa sababu walimu walilalamika kwamba wino hautoki. Mkuu akatazama viganja vyake, akageuza, akatazama mgongo wa mikono. Vyombo vilikauka Jumanne. Ijumaa alivua glavu. Tulikuwa tunahesabu siku sote watatu.

Nikawaeleza kwa upole kwamba kitabu kimethibitika. Kinachodhuru ndicho kinachoponya. Wengine wanahitaji watu wawili kwa kazi hiyo, mimi nimefanya yote mawili peke yangu.

Mkuu akaniomba funguo za maabara.

Nimehamishiwa stoo ya michezo. Msimamizi atatoka nje, ana diploma. Kabati langu lile nililikabidhi mwenyewe. Nilimwonyesha Mwalimu wa Kemia jinsi ya kuinua mlango kidogo kabla ya kuzungusha ufunguo, maana bila hivyo hugoma. Akanifuata hadi koridoni. Akasema jana amempigia mama mkwe kumjulia hali. Akasema pia kwamba mtu aliyekaa siku nzima akihesabu matone kwa uangalifu ule ana mikono ya kazi, amekosa tu wa kumfundisha. Akanipa fomu ya chuo: kozi ya jioni ya ufundi wa maabara, mwaka mmoja na nusu. Atanidhamini yeye mwenyewe.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Karatasi yake ni nene, nzuri sana.

Alhamisi, 13 Machi

Stoo ya michezo ina mipira isiyo na upepo, nyavu, na magodoro ya kurukia yaliyojaa vumbi. Jumanne nilikung'uta magodoro yote kumi na mbili mlango ukiwa umefungwa, ili vumbi lisichafue ua. Jumanne hiyohiyo jioni nikaanza kukohoa. Jumatano mikono yote ikawa na vipele, inawasha mpaka kwenye viwiko, na mgongo vilevile. Mke wangu, ambaye sasa tunaongea, alinipeleka zahanati kwa nguvu. Daktari akanipa dawa ya maji ya kifua na marhamu ya kupaka mara mbili. Mama mkwe ananipaka mgongoni nisipofika, kisha anauliza nimelalaje. Nimepona karibu kabisa.

Watu wepesi watasema ni daktari.

Lakini leo, nikipanga rafu, nimeikuta chupa yangu moja ya matone niliyoihamisha pamoja na vitu vyangu. Iko pale tangu Jumatatu. Haijafunguliwa. Nikasimama nikaitazama muda mrefu. Niliugua mbele yake. Nikapona mbele yake. Sijanywa hata tone.

Sasa kila kitu kiko wazi. Nilikuwa nakosea, nakiri, na kosa langu lilikuwa kubwa: nilikuwa nawapa watu matone matatu. Ni mengi mno! Kadiri inavyopungua ndivyo inavyozidi, na kipimo kidogo kuliko vyote ni kutokunywa kabisa. Dawa hii haitaki mdomo. Inataka rafu tu.

Nimeihamishia rafu ya juu, ikitazame chumba chote. Maelekezo nimeyaandika kwa mwandiko mzuri nyuma ya ile fomu ya chuo, nikayabandika chini yake. Kesho nitaweka kando yake chupa tupu. Sioni sababu ya kuendelea kupoteza maji.